Waya za Wifi

Kifungo cha kwanza kilidondokea kwenye kikombe cha chai. Tena mbele ya mama mkwe, na tena siku ya Jumapili, siku ambayo ukoo mzima wa mume wa Dokta Waya hujazana kwenye sebule moja na kila mtu anaongea zamu yake na ya mwenzake.

"Tii!" kikombe kikalia.

Sebule nzima ikageuka. Wifi yake akachukua kijiko, akavua kitu ndani ya chai, akakiinua juu kwenye mwanga ili hata waliokaa karibu na mlango wakione. Kidude cha chuma, kidogo kama punje ya mchele.

"Wifi," akasema, "mali yako imerudi."

Watu wakaangua kicheko. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Dokta Waya naye akacheka, ungefanyaje? Lakini moyoni alikuwa anaungua kama pasi.

Dokta Waya si jina alilopewa na wazazi wake. Amepewa na watu, kwa sababu ya kazi yake. Ananyoosha meno. Ukiwa na meno yaliyopandiana kama abiria kwenye benchi fupi, unakwenda kwake, anakubandika vifungo vidogo vya chuma, kimoja kwa kila jino, anapitisha waya katikati yake, na ule waya unayavuta meno polepole mpaka yakae foleni. Kazi ya subira. Na kila kitu kinasimama juu ya gundi. Kifungo kikibanduka, waya haushiki jino, jino halisogei, na mtu anatembea na vyuma mdomoni bure kama geti lisilo na ukuta.

Miaka mingi alifanya kazi hiyo kwenye hospitali ya mtu. Bosi wake alikuwa na tabia moja: kazi ikitoka nzuri, "nimeinyoosha mimi", kazi ikiharibika, "yule binti wangu alishika." Binti! Mwanamke ana mvi mbili tatu pembeni, ana mume, bado anaitwa binti. Siku alipoaga, bosi alimpa mkono, akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja. "Nenda tu. Kiti chako nakiacha hapa hapa. Ukishindwa utarudi."

Hilo "utarudi" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi akapanga chumba juu ya duka la magodoro. Ngazi nyembamba, dirisha moja linalotazama mafundi wa kuchomelea milango, kiti kimoja cha kulalia mgonjwa na taa moja. Na mteja wake wa kwanza kabisa wa waya akawa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ukoo mzima unamwita Redio.

Redio hakuombwa. Alijileta mwenyewe.

"Wifi, mimi ndio tangazo lako," alisema siku ile, akiwa ameshajilaza kwenye kiti kabla hajakaribishwa. "Mimi nina saluni. Mwanamke akija kusukwa anakaa kwangu nusu siku, hana pa kutazama ila kwenye kioo, na kwenye kioo kuna mdomo wangu. Waya zikikaa vizuri, utakosa pa kuwaweka watu. Watapanga foleni mpaka kwenye magodoro."

Alichosema kilikuwa kweli, na hapo ndipo penye kitisho. Maana mdomo huo huo unaoweza kuleta watu unaweza kuwafukuza. Waya zikikaa, Dokta Waya hana haja hata ya kibao mlangoni. Zikidondoka, arudishe funguo, ashuke ngazi, akamwambie bosi "nimerudi."

Kwa hiyo alikuwa makini siku ile. Makini kupita kawaida. Alimkagua jino moja moja. Akamuuliza maswali yote ambayo daktari anatakiwa kuuliza: una mzio, una mimba, unatumia vidonge? Akafika kwenye lile swali moja.

"Kuna dawa yoyote ya meno umetumia siku za karibuni?"

Redio akanyanyuka nusu. "Wifi! Kwani unaniona mchafu? Kila siku, asubuhi na kabla sijalala. Ile ya mnanaa."

Dokta Waya akacheka. Akaona huyu hana tatizo, akaendelea na kazi. Akasafisha meno, akapaka ile dawa chachu inayolikwaruza jino kidogo ili gundi ishike, akasuuza, akakausha, akabandika, akamulika na taa ya bluu inayogandisha gundi. Kifungo kimoja kimoja. Alipomaliza, Redio alijitazama kwenye kioo, akatabasamu, mdomo ukametameta kama duka la vito.

"Wataniua kwa wivu," akasema.

Sasa umeshaona mwisho wake. Chai.

Jumatatu Redio akapanda ngazi, kifungo kimefungwa kwenye karatasi ya tishu. Dokta Waya akakibandika upya. Alhamisi akarudi na viwili. Wiki iliyofuata akaja na kimoja, na kabla hajamaliza kushuka ngazi akarudi tena, mkono mdomoni. Kingine.

"Unatafuna nini?" Dokta Waya akauliza, sauti imeanza kupanda.

"Chakula. Binadamu wanatafuna chakula."

"Barafu?"

"Sili barafu."

"Mifupa? Karanga? Vizibo vya chupa?"

"Wifi, mimi si fisi!"

Kilichokuwa kinamkera zaidi ni hiki: vya nyuma vilikaa. Vimekaa kama vimechomelewa na wale mafundi wa chini. Na meno ya nyuma ndiyo yanayotafuna, ndiyo yanayopigwa kutwa nzima. Vinavyodondoka ni vya mbele tu, yale meno ya kuchekea. Inaingia akilini hiyo? Nyumba inaezuliwa paa la sebuleni, la jikoni kwenye moshi halitikisiki!

Siku moja akashuka mpaka saluni kwenda kuvizia. Akamkuta Redio anamsuka mtu, pini za nywele amezibana kwa meno ya mbele, safu nzima, anazichomoa moja moja.

"Hapo hapo!" Dokta Waya akapiga kelele mpaka mteja akaruka. "Nimekukamata! Pini! Unabana vyuma kwa vyuma halafu unanilaumu mimi!"

Redio akazitema pini mkononi. Akaapa kwa mama yake hataziweka tena mdomoni. Na kweli akanunua kile kikapu kidogo cha kuvaa mkononi, akaweka pini zake humo. Dokta Waya akalala usingizi wa mtoto usiku ule.

Ijumaa, vifungo viwili. Vya mbele.

Nyumbani akamwambia mumewe. Mumewe alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, mguu mmoja juu ya mwingine.

"Dada yako ananimaliza."

"Mimi mambo ya meno siyajui."

"Sikuulizi mambo ya meno. Nakuuliza mambo ya dada yako. Ameshasema nini huko saluni?"

Mume akajikuna shingo. Mtu akijikuna shingo ujue kuna habari.

"Amesema… si kwa ubaya lakini. Amesema gundi yako labda ni ya zamani. Na mama akauliza kama si ya viatu."

"Ya viatu!"

"Aliuliza tu, mke wangu. Kuuliza si kosa."

Dokta Waya akauma meno, kitu ambacho anawakataza wagonjwa wake wote. Gundi mpya! Ameikata kifuniko mwenyewe! Kesho yake akaagiza nyingine kabisa, ya aina nyingine, kutoka kwa muuzaji mwingine. Akambandika nayo Redio. Vikakaa kidogo. Kisha, tii, kwenye sinki la kuoshea nywele.

Halafu mambo yakachacha kweli. Kulikuwa na mama mmoja aliyekubali kumleta binti yake kuwekewa waya. Akapiga simu asubuhi. "Dokta, tumeahirisha kidogo. Si kwa ubaya. Tumesikia tu kwamba… zinatoka." Na mchana wake, kama walikuwa wamepanga, simu nyingine ikaita. Bosi.

"Binti, habari za kujitegemea?" Ile sauti yenye tabasamu la upande mmoja. "Nasikia gundi inakusumbua. Usijali. Kiti chako bado kipo."

Dokta Waya alikata simu, akavua koti jeupe, akalitupa juu ya kiti, akashuka ngazi mbili mbili. Muuza magodoro akamsalimia, hakumsikia. Alikuwa anakwenda saluni kugombana. Maneno alikuwa ameyapanga njiani, mengine makali kiasi kwamba angeyajutia kabla hayajafika chini.

Akasukuma mlango.

Saluni ilikuwa na joto na harufu ya nywele zilizokaushwa. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa chini ya kofia ya kukaushia, gazeti mapajani. Mwingine alikuwa amelazwa kwenye kiti cha kona, mdomo umepanuliwa kwa plastiki, anaonekana anacheka bila kutaka, na juu ya meno yake inawaka taa. Taa ya bluu.

Dokta Waya akasimama. Maneno yote aliyoyapanga yakamponyoka.

"Wifi, hii nini?"

"Karibu wifi! Hii ndio huduma yangu mpya." Redio alikuwa anachanua. "Kung'arisha meno. Mtu anaingia na meno rangi ya chai, anatoka na meno rangi ya karatasi. Nilianza muda kidogo, kabla hata hujanibandika vyuma vyako. Subiri nimmalize huyu."

Akamzimia taa, akamfuta, akamtoa plastiki, akampa kioo. Mteja akajichekea kwenye kioo, akaaga, akaenda zake. Redio mkononi amebaki na bomba dogo, kama la sindano lakini halina sindano. Akalitazama kwenye mwanga. Kulikuwa na dawa kidogo chini. Basi huyo, akageukia kioo, akakunja mdomo wa juu, akaminya ile dawa kwenye kidole, akaisugua kwenye jino lake la mbele, lile lililobanduka kifungo jana yake.

Dokta Waya akasogea karibu.

"Unafanya nini?"

"Namalizia."

"Unamalizia nini?"

"Kilichobaki. Sasa kitupwe? Dawa yenyewe ghali." Akaendelea kusugua, anaongea kwa nusu mdomo. "Halafu kifungo kikitoka, pale kilipokuwa panabaki rangi tofauti na pembeni. Napapaka kidogo pafanane, ndio nakuja kwako ukabandike. Nisije kwako na jino la aibu."

"Kila kifungo kikitoka?"

"Kila kikitoka."

"Na kabla ya ile siku ya kwanza kabisa?"

"Wewe! Nilijing'arisha yote ya mbele, jioni ya kuamkia siku ile. Nyuma sikufika, plastiki inaniumiza. Nilitaka nije kwako nimependeza."

Dokta Waya akatafuta kiti, akakaa. Kilikuwa kiti cha kuoshea nywele, kikainama kwa nyuma naye nusura alale kwenye sinki. Mwanamke wa chini ya kofia akaweka gazeti pembeni. Hapa palikuwa pananoga kuliko gazeti.

"Wifi," Dokta Waya akasema polepole, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa, "nilikuuliza."

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza! Siku ya kwanza, umelala kwenye kiti changu. Nikasema, umetumia dawa yoyote ya meno?"

"Na nikakujibu! Nikakwambia ya mnanaa!"

"Hii hapa mkononi mwako ni nini?"

"Hii ni dawa ya kung'arisha. Dawa ya meno ni ya kupigia mswaki. Nenda hapo duka la jirani, mwambie nipe dawa ya meno, uone atakupa nini."

"Nilikuwa na maana ya…"

"Maana yako mimi nitaijuaje? Umeniuliza dawa ya meno, nimekujibu dawa ya meno. Ungeniuliza una saa nikakuonyesha ukuta, hapo ningekuwa na kosa."

"Kweli dokta," mwanamke wa kofia akaingilia, "hata mimi ningejibu hivyo hivyo. Yangu ina chumvi."

Dokta Waya akafunika uso kwa viganja. Kilichomuuma ni kwamba wana haki. Amesoma miaka na miaka kwa lugha ya vitabu, na vitabu vina neno lavyo la hiyo dawa. Siku alipotafuta la kumwambia mtu wa kawaida, akaokota lililokuwa karibu. Dawa ya meno. Na swali hilo amemuuliza kila mtu tangu afungue chumba, na kila mtu amemjibu ndiyo dokta, kila siku dokta, na yeye anacheka, anasema vizuri sana.

Akainua kichwa. "Mtu ukimpaka mafuta kichwani, halafu hapo hapo ukambandika wigi kwa gundi. Inashika?"

"Ishike wapi! Hata anayejifunza kazi anajua hilo. Unaosha, unakausha, unasubiri."

"Haya. Hiyo dawa yako inaacha hewa ndani ya jino. Huioni, huisikii, lakini imo, na inatoka taratibu. Gundi yangu ikiikuta, haigandi sawasawa. Kwa juu unaiona ngumu, kule chini inapogusa jino bado ni uji. Ndio maana vya nyuma vimekaa. Nyuma hukupaka."

Redio akalitazama bomba. Akatazama taa yake kwenye kona.

"Lakini si taa ni ile ile? Yako bluu, yangu bluu. Mimi nilidhani nakusaidia."

"Unanisaidia!"

"Usinipigie kelele, nina mteja."

"Sasa sikiliza. Hung'arishi, humalizii, hugusi. Wiki tatu. Vya mbele navitoa vyote, hewa itoke yote. Halafu nitabandika upya. Na leo hii, wifi, leo hii, uwaambie watu kwamba gundi yangu haina tatizo."

Hapo ndipo kilipotokea kitu ambacho ukoo haujawahi kukiona. Redio akanyamaza. Akafunga kifuniko cha bomba, akafungua, akafunga tena.

"Niwaambie nini?" akasema mwisho, sauti ya chini. "Kwamba iliyoharibu ni dawa yangu? Nani ataingia hapa tena kung'arishwa?"

"Haijaharibu kitu. Ni kusubiri tu. Waya kwanza au kung'ara kwanza, katikati mtu anasubiri. Basi!"

"Nitafikiria."

"Utafikiria! Gundi ya viatu hukufikiria!"

"Ile ni mama!"

Wiki tatu hizo zilikuwa ndefu kuliko ndoa. Redio alikaa na mdomo nusu: nyuma vyuma, mbele wazi, mtu akimtazama anadhani ameibiwa. Bosi hakupiga tena. Na kule kutopiga kukawa kama anasubiri mlangoni. Jumapili mama mkwe akauliza, "Mwanangu, ile gundi imepona?" Dokta Waya akamtazama Redio. Redio akatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna samaki. Mume akajikuna shingo.

Muda ulipotimia, Redio akapanda ngazi bila maneno mengi, akajilaza. Dokta Waya akabandika vyote vya mbele, kwa gundi ile ile ya kwanza, iliyoitwa ya viatu. Akakishika kimoja kimoja kwa koleo, akakivuta. Vikagoma.

Wiki ikapita, kimya. Wiki nyingine, kimya. Dokta Waya akawa anashtuka kila kijiko kikigonga kikombe.

Jumapili ya tatu, sebule imejaa, Redio akasimama katikati. Mkononi ana karoti mbichi, nene kama kifundo cha mkono.

"Jamani, mnitazame."

"Wifi, usithubutu!" Dokta Waya akaruka. "Wifi, karoti nimekukataza!"

Krak! Karoti ikakatika. Redio akatafuna, akameza, akafungua mdomo, akazunguka sebule nzima akionyesha kama mtu anayetembeza picha za harusi. Vifungo vyote mahali pake.

"Mnaona? Gundi ya wifi yangu ni chuma! Kilichokuwa kinasumbua ni hewa. Ukishang'arisha jino, hewa inabaki ndani, lazima isubiriwe itoke. Wengi hawajui hilo." Akapiga kifua. "Mimi ndio nimeligundua. Pale pale saluni."

"Umeligundua wewe?" Dokta Waya akasema.

"Si tulikuwa wote? Wewe ulikuwa umekaa kwenye sinki."

"Mwanangu ana akili huyu," mama mkwe akasema, anamtazama bintiye kwa fahari. "Tangu mdogo."

Dokta Waya akaliacha lipite. Maana Redio alikuwa hajamaliza. Kesho yake alilisema saluni, keshokutwa akalisema tena, na alivyo, kila alipolisema lilinenepa. Kila anayetaka kung'arishwa anaulizwa kwanza, "Una mpango wa waya? Basi nenda kamwone wifi, mpange nani aanze." Mama wa yule binti akapiga simu tena. Wakaja. Wakaja wengine. Wanapanda ngazi wakihema, wanakaa, na neno lao la kwanza ni moja: "Tumetumwa na yule dada wa saluni. Yule aliyegundua mambo ya hewa."

"Ndiyo," Dokta Waya anajibu, meno ameyabana. "Huyo huyo."

Bosi alipopiga safari hii, Dokta Waya alimwambia maneno machache tu: kile kiti ampe mtu mwingine. Akaweka simu chini, akavaa koti, akamwita anayefuata.

Akaingia kijana mmoja mrefu, meno yamepishana kama vidole vilivyofumbatwa. Akajilaza. Dokta Waya akamkagua, akamuuliza mzio, akamuuliza vidonge. Akafika pale. Safari hii neno alikuwa amelichagua kwa makini, amelijaribu hata mbele ya kioo.

"Umewahi kuyang'arisha meno yako?"

"Ndiyo, dokta."

Akaweka kioo chini. "Mara ya mwisho lini?"

"Leo asubuhi."

"Leo! Kwa nini umeyang'arisha leo?"

Kijana akamtazama kwa mashaka, anageuza macho kutafuta mlango. "Si nilikuwa nakuja kwa daktari? Nikapiga mswaki vizuri."

Dokta Waya akatazama dirishani. Chini mafundi walikuwa wanachomelea geti, cheche zinaruka. Akavuta pumzi mpaka tumboni.

"Kwa dawa gani?" akauliza.

"Ya mnanaa."